Kwaresima Tuliyotengeneza Paa la Kipara

Harufu ya turubai lililolowa kisha likakunjwa kabla halijakauka sijui nimweleze vipi mtu asiyeijua. Ina uvundo kidogo, ina vumbi, ina kitu cha gunia la viazi lililosahauliwa stoo. Ukiichanganya na waridi zilizonyauka na mafuta ya gari yaliyomwagika kwenye zulia, hiyo ndiyo harufu ya buti la gari la baba. Nikiisikia leo, popote nilipo, nakuwa tena mtoto wa darasa la nne, nimesimama uani kwetu Levolosi na sweta la shule juu ya gauni la nyumbani, na huko juu Mlima Meru umeshafunikwa na mawingu na sote tunajua kinachofuata. Wenzangu wanaposimulia utoto wao unanukia vitumbua na maembe. Wangu unanukia turubai, na sioni aibu kusema kwamba naupenda hivyo hivyo.

Gari lenyewe lilikuwa jeupe, la milango miwili, na paa lake la turubai jeusi lilikuwa linajikunja lenyewe. Ulikuwa unabonyeza kitufe pale kati ya viti, kitu kinaunguruma nyuma, paa linainuka taratibu, linajikunja na kujilaza, na gari linabaki wazi. Watoto wa mtaani waliliita Kipara. Baba hakulipenda jina hilo hata kidogo, maana naye nywele zilikuwa zimeshaanza kumkimbia, lakini jina la mtaani ukilikataa ndio linakolea, na mwisho hata mama akawa anasema, "Baba Naomi, umemfunika Kipara?" Gari hilo ndilo lililotulisha. Kila Jumamosi lilipambwa riboni na maua, likabeba bwana na bibi harusi, huku matarumbeta yakipiga kwenye pikapu mbele yake na mtu wa video akining'inia nyuma ya pikapu hiyo hiyo. Baba aliliendesha kwa suti ile ile ya kijivu, uso mkavu kama vile yeye ndiye anayeoa.

Sasa, kwetu sisi Walutheri, na kwa majirani zetu Wakatoliki vivyo hivyo, Kwaresima haifungwi ndoa. Kuanzia Jumatano ya Majivu hadi Pasaka hakuna matarumbeta, hakuna kumbi, hakuna riboni. Kipara lilikuwa linakaa uani limevuliwa mapambo yake yote, na baba alikuwa anazunguka nyumba akitafuta cha kurekebisha, mara bawaba ya mlango, mara bomba. Baba alikuwa mzee wa kanisa, na nadhani katika usharika mzima hapakuwa na mzee aliyeichukia Kwaresima kama yeye, ingawa ungemuuliza angekana mbele ya madhabahu.

Mwaka ninaousema, Kwaresima ilikuta paa la Kipara limekwama nusu. Makosa yalikuwa ya baba mwenyewe, na ni makosa ya mtu anayelipenda gari kuliko anavyolijua. Paa lilikuwa limeanza uvivu, linapanda linasita. Akafungua buti, akakuta kikopo kidogo cha plastiki chenye mafuta yaliyopungua. Kwa macho yake kikopo kile kilifanana na cha mafuta ya breki, basi akachukua chupa ya mafuta ya breki akakijaza hadi juu, akafuta mikono, akaingia ndani kula akiwa ameridhika kabisa. Kumbe mafuta ya breki na mipira inayozuia mafuta yasivuje kwenye mtambo ule haviivi chungu kimoja. Mipira ndani ya zile jeki mbili ndogo zinazosukuma paa ikaumuka, ikalainika, ikaanza kuachia mafuta. Siku moja baba akabonyeza kitufe, paa likapanda hadi katikati likagoma, limesimama juu kama mkono wa mtoto aliyeomba ruhusa darasani akasahauliwa. Halikukubali kwenda mbele wala kurudi nyuma. Tukalifunika kwa nailoni, tukaifunga kwa kamba za katani, na kila ilipovuma upepo nailoni ile ilipiga makofi uani mpaka tukakosa raha.

Baba aliwaleta mafundi wa mjini. Waliinama, wakatazama, wakasema magari ya hivi hawajawahi kuyafungua. Mmoja, kijana mchangamfu sana, alishauri paa livutwe chini kwa nguvu lichomelewe moja kwa moja, gari liwe la kawaida kama mengine. Baba alimfungulia geti.

Fundi aliyeweza kazi ile sote tulimjua, ila jina lake lilikuwa halitajwi mbele ya baba. Alikuwa Mjomba Elirehema, kaka yake mama, aliyekuwa akitengeneza matrekta kwenye mashamba ya Nduruma. Jeki zilikuwa ndio chakula chake, jeki za majembe, za matela, za kila kinachoinuka na kushuka. Lakini Mjomba Elirehema na baba walikuwa hawasemeshani tangu tulipomzika bibi, mama yao mama na Mjomba. Siku ya maziko ilikuwa Jumamosi, na baba alikuwa ameshampa neno bibi harusi mmoja ambaye asingeweza kupata gari lingine kwa muda ule. Akaona atawahi vyote viwili. Aliwafikisha maharusi kanisani, akageuza gari, akakimbia nalo hadi Nduruma, na akafika makaburini watu wakiwa wamezunguka kaburi na mchungaji ameshafungua kitabu. Akaingia na Kipara likiwa na riboni zake nyeupe, waridi mbele, na mwanasesere wa bibi harusi juu ya boneti. Nakumbuka watu walivyogeuka. Mjomba alimwendea akamwambia aondoe takataka zake mbele ya mama yake, na baba akarudisha gari hadi barabarani, akarudi kwa miguu peke yake na suti yake ya kijivu, vumbi hadi magotini. Hakuna aliyempisha njia. Tangu hapo kila mmoja akaweka kinyongo chake. Mjomba aliona ametukaniwa marehemu mama yake, na baba aliona amedhalilishwa mbele za watu kama mtoto.

Aliyeumia katikati ni mama, mke wa mmoja na dada wa mwingine. Na niliyeumia zaidi, kwa hesabu zangu za utotoni, ni mimi. Kabla ya hapo likizo zangu zote zilikuwa Nduruma. Nilikuwa na binamu yangu Upendo, mifereji ya kuchezea, mashamba ya vitunguu na mbuzi wenye majina. Baada ya maziko yale sikupelekwa tena. Hakuna aliyenikataza, ila kila likizo ilipofika ilitokea sababu. Nilikuwa nalala nikiwaza kwamba Upendo ameshapata rafiki mwingine na mbuzi wamenisahau. Msinicheke, kwa mtoto hayo ni makubwa.

Basi Kwaresima ile ile akaja mama mdogo Anna, mdogo wao wa mwisho mama na Mjomba, akiwa amechumbiwa, na harusi yake imepangwa Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka. Mama mdogo alikuwa mwembamba, mpole wa sauti, mwenye kichwa kigumu kupita maelezo. Alikaa sebuleni kwetu, akanywa chai yake yote, akaweka kikombe, akamwambia baba, "Shemeji, baba yetu hayupo na mama ametuacha. Atakayenikabidhi kanisani ni kaka. Atakayenipeleka ni wewe, na gari hilo hilo. Mkishindwa kukaa gari moja, mimi siolewi. Nitamwambia mchungaji hivyo hivyo, na nitamwambia ni kwa nini." Baba akasema gari ni bovu. Mama mdogo akajibu kwamba analijua hilo, na ndiyo maana kaka yake anakuja Jumamosi kulitengeneza, tena yeye ameshaambiwa maneno hayo hayo na amenuna lakini anakuja. Halafu akaomba chai nyingine.

Tulijua hatanii. Mama alikesha akiomba, namjua, nilisikia kitanda kikilia alipopiga magoti na alipoinuka. Mimi niliomba pia, ila niliombea mbuzi.

Jumamosi Mjomba alifika, mtu mrefu, mweusi, na mfuko wa salfeti begani na kofia ya sufu ambayo sikuwahi kumwona hajaivaa hata jua linapowaka. Nikamwamkia, "Shikamoo mjomba," akaniwekea mkono kichwani muda mrefu. Akasalimiana na mama. Baba alikuwa amesimama pale pale, hatua chache, ameshika kitambaa cha kufutia gari. Mjomba akaangalia paa, akaangalia nailoni, akaangalia anga, kisha akaniambia mimi, "Naomi, muulize baba yako hilo paa lilikwama lini." Nikageuka, baba yuko hapo, amesikia kila neno. Nikauliza. Baba akanijibu mimi. Nikageuka tena nikamjibu Mjomba. Na hivyo ndivyo kazi ilivyoanza.

Mwanzoni nilijiona mtu mkubwa. Hakuna spana iliyopita pale bila mdomo wangu. "Naomi, mwambie baba yako alete taa." "Naomi, mwambie mjomba wako taa haina betri." Nilisimama kando ya mlango wa gari, Mjomba kichwa na mabega yamezama butini, baba ameketi mbele, na maneno yanapita kwangu kama sokoni. Mjomba alipofungua kile kikopo akanusa, akachovya kidole, akavuta pumzi. "Mwambie baba yako aliyetia mafuta ya breki humu alikuwa amelala fofofo." Nikamwambia baba kwamba mjomba anasema mafuta hayakuwa yenyewe. Baba akasema, "Mwambie aliyetengeneza kikopo hakuandika." Nikamwambia Mjomba kwamba baba anasema pole kwa usumbufu. Mjomba akatoa kichwa butini, akanitazama, na masharubu yake yakacheza kidogo. Nilijifunza diplomasia uani kwetu, na hata sasa kazini wanaponituma kwa watu waliokasirika huwa siogopi.

Jumamosi zilizofuata zikawa hivyo. Mjomba alizitoa zile jeki mbili, nyembamba kuliko nilivyodhani, kama pampu za baiskeli, akazifungua juu ya meza ya mama ya kupigia pasi ambayo mama aliitoa bila kinyongo. Mipira ya ndani ilitoka imevimba, laini, inakatika ukiivuta. Akamwaga juu ya gazeti mfuko mzima wa mipira aliyoiokota miaka yote kwenye matrekta na mashine za kila aina, akaanza kujaribisha mmoja mmoja, anautia, anautoa, anauviringisha kati ya vidole huku amefumba jicho moja. Kazi ile ilikuwa ya polepole na yenye utulivu. Mvua ilikuwa inateremka kutoka mlimani mchana, tunaisikia kwanza kwenye mabati ya jirani wa juu, kisha ya jirani wa karibu, kisha inatufikia. Tulikuwa tunakimbiza meza chini ya baraza, baba ameshika upande mmoja na Mjomba upande mwingine, wanatembea kwa hatua zinazolingana kabisa, bila hata mmoja kufungua mdomo. Mama alituletea maharage na ndizi. Walikula sahani moja na mimi katikati, na kila mmoja alinisifia mimi chakula.

Lakini nilianza kuchoka, na kilichonichosha ni huzuni ya jambo lile. Nilikuwa naona jinsi baba anavyomwangalia Mjomba akiwa ameinama, anataka kuuliza kitu cha fundi kwa fundi, halafu anameza. Nilikuwa naona Mjomba anavyocheka peke yake jeki inapokubali, anageuka kumtafuta mtu wa kumwonyesha, akimkuta baba anageuka tena. Wanaume wawili waliokuwa marafiki. Mama alinisimulia baadaye kwamba kabla ya kuoana na baba, ni Mjomba aliyempeleka baba nyumbani kwao mara ya kwanza na kumsifia kwa wazee. Sikulijua hilo wakati ule, nilijua tu kwamba hewa ilikuwa nzito, na kwamba Pasaka inakaribia na mama mdogo hajabadili neno lake.

Ikafika Jumamosi ya mwisho kabla ya Pasaka. Jeki zilikuwa zimerudishwa na mipira mipya, mafuta machafu yameoshwa, na kikopo kimetiwa yale mafuta mekundu ya hidroliki ambayo ndiyo yanayotakiwa. Ikabaki kutoa upepo. Mjomba alinieleza, yaani alimweleza baba kupitia kwangu, kwamba mtambo ukifunguliwa hujaa upepo, na upepo ukiwa ndani paa halina nguvu. Lazima mmoja akae mbele na kitufe, mwingine awe nyuma na kikopo, paa lipande na kushuka, lipande na kushuka, mapovu yatoke, na mafuta yaongezwe yanapopungua. Wakapatana, kwa mdomo wangu, kwamba Mjomba akigonga bati la gari baba abonyeze. Kusimamisha ndiko kulikohitaji sauti. Mjomba aseme "mwambie aache", mimi nimwambie, baba aache.

Tulifanya mara kadhaa, vizuri tu. Paa lilikuwa linapanda likitetemeka, linakohoa, mapovu mekundu yanachemka kwenye kikopo. Mvua ilikuwa imeanza manyunyu. Ndipo mama akaniita kutoka jiko la nje. Nikasema, mama, nina kazi. Akaita mara ya pili kwa ile sauti isiyojadiliwa. Nikakimbia. Alikuwa ameketi kwenye kigoda na ungo wa mchele mapajani, akanisogezea kigoda kingine. "Chambua hapa na mimi," akasema. Nikamwambia wananingoja. Mama hakuinua macho. "Waache. Wana midomo wote wawili, Mungu hakumnyima yeyote."

Nikakaa. Tulichambua mchele ambao, niliangalia, haukuwa na jiwe hata moja. Huko nje tukasikia bati likigongwa. Tukasikia mtambo ukiunguruma. Mvua ikaongezeka juu ya mabati, na nikajua Mjomba ndani ya buti anadhani nimesimama palepale, anasema "mwambie aache" na hakuna wa kumwambia. Nilimtazama mama. Mikono yake ilikuwa imesimama ndani ya mchele.

Kisha sauti ya Mjomba, kubwa, ambayo hata majirani waliisikia: "Shemeji! Acha! Kidole!"

Ungo ulianguka. Tulipotoka nje baba alikuwa anapapasa kitufe, anasema, "Nimeacha, nimeacha, shemeji nimeacha," na Mjomba anamwambia rudisha juu, na baba anabonyeza chini, na Mjomba anapiga kelele siyo huko, upande mwingine, na baba anasema upande upi, na Mjomba anasema ule mwingine, kina pande ngapi hicho kitufe. Paa likapanda. Mjomba akatoa mkono kwenye maungio ya vyuma, kidole cha kati kimepasuka na kucha imeshageuka rangi. Baba aliruka kutoka kwenye gari akiwa amepauka. Akatafuta kitambaa, vyote vina mafuta, akazamisha mkono butini akatoa kile kilichokuwa karibu, rola la riboni nyeupe ya harusi, akaikata kwa meno na kuanza kukifunga kidole cha shemeji yake pale kwenye mvua.

Mjomba aliiangalia ile riboni. "Riboni tena," akasema.

Baba aliendelea kuzungusha. "Siku ile ningesimama kuzitoa nisingemkuta mama juu ya ardhi," akasema. "Nilikuwa nakimbia, shemeji. Nilikuwa nakimbia tu."

Mvua ilikuwa inatiririka kwenye kofia ya Mjomba. Mama karibu yangu alikuwa ameziba mdomo kwa kanga. "Mimi niliona maua," Mjomba akasema hatimaye. "Sikuona mtu anayekimbia." Halafu akasema, "Kaza kidogo, hapo panavuja bado." Baba akakaza.

Hapakuwa na kukumbatiana. Wakaingia barazani, wakanywa chai, na kabla vikombe havijaisha wakawa wanabishana kama mafuta yaliyobaki yatatosha au yaongezwe. Walibishana mpaka jioni. Mama aliingia chumbani kwake akafunga mlango, akalia kwa sauti, kilio ambacho nadhani alikuwa nacho tangu siku ya maziko. Kidole cha kaka yake kilimsumbua sana dhamiri. Alikikanda kwa maji ya chumvi kila Mjomba alipokuja, na hakuwahi kuwaambia kwamba mchele ule ulikuwa safi.

Harusi ilifungwa Jumamosi ile ile iliyopangwa. Tulitoka Nduruma gari likiwa wazi, baba kwenye usukani, Mjomba pembeni yake na kidole chake kilichofungwa kitambaa cheupe, nyuma mama mdogo na shela lake, na mimi nimebanwa na kikapu cha maua. Watoto wa kijijini walikimbia nasi wakipiga vigelegele, Upendo akiwa mbele yao bila viatu. Hatujafika kanisani mvua ikaanza, ile ya matone makubwa. Baba akasimamisha gari. Nyuma yetu msafara wote ukasimama, na kwenye pikapu wapiga matarumbeta wakaanza kugeuza matarumbeta yao midomo chini. Mjomba akasema, "Sasa." Baba akabonyeza. Paa likainuka nyuma yetu, likafika pale katikati palipokuwa na ubishi wake, likasita. Hakuna aliyepumua. Mama mdogo alishika mkono wangu mpaka ukauma. Kisha likapita, likashuka, likajifunga juu yetu kwa mlio mdogo mzuri sana, na tukabaki kwenye giza lile la harufu ya turubai, wakavu wote, tukisikiliza mvua. "Nilikwambia mafuta yaongezwe," Mjomba akasema. Baba akasema yametosha ndiyo maana limefunga. Mjomba akasema limesita. Baba akasema limepumzika. Mama mdogo akawasihi wanyamaze, anaolewa, na sauti yake ilikuwa inacheka na kulia kwa pamoja. Hawakunyamaza. Walibishana hadi mlangoni mwa kanisa, ambapo Mjomba alishuka, akamtengenezea dada yake shela na kumpa mkono wake ule mzima.

Likizo iliyofuata nilikwenda Nduruma. Mbuzi walikuwa wamenisahau, Upendo hajanisahau.

Miaka imepita. Kipara liliuzwa nilipokuwa sekondari, na siku hizi magari ya harusi mjini yanaagizwa kwa simu, marefu, meusi, vioo juu. Fundi anachomeka waya kwenye kompyuta ndipo anajua gari linaumwa wapi. Sina ugomvi nayo, nami ninalo langu la namna hiyo. Kilichobaki kutoka Kwaresima ile ni ubishi wa wale wawili, ambao haukukatika tena. Walibishana juu ya oili, juu ya matairi, juu ya njia fupi ya kwenda Moshi, juu ya mbegu za mahindi ambazo baba hana shamba la kuzipanda. Jioni simu ya baba ilikuwa inalia saa ya taarifa ya habari, naye alikuwa analalamika kwamba shemeji huyu hana adabu, anapiga simu watu wakisikiliza habari, huku ameshanyanyuka kuifuata.

Mjomba Elirehema tulimzika mwaka jana. Baba aliombwa aseme neno kwa niaba ya mashemeji. Alisimama, akakohoa, akasema, "Mtu huyu alikuwa haniachi nimalize sentensi," na hakuweza kuendelea, wakaja vijana kumkalisha.

Sasa Jumapili nikitoka kanisani napitia kwa baba Levolosi. Afya yake ni nzuri kwa umri wake, anakula, anasoma gazeti, lakini jioni ananyamaza. Kimya hiki nakiogopa kuliko kile cha zamani. Kile kilikuwa na mtu upande wa pili, ameinama butini, na kilingoja tu mmoja aanze. Jumapili iliyopita tulikaa barazani, taarifa ya habari ikaanza, ikaisha, na nikamwona ameielekeza shingo mezani ilipolala simu yake. Nikamwambia, kama mtu anayepiga soga tu, kwamba nimeacha kubadilisha oili ya gari langu kila wakati kama alivyonifundisha, maana magari ya siku hizi yanajimudu, unaweza kukaa nayo hata mwaka na zaidi.

Baba alikunja gazeti. Akanigeukia mzima mzima, akauliza ni mpumbavu gani kaniambia hivyo. Nikasema nimesoma mahali. Akasema aliyeandika hajawahi kumiliki hata toroli, akavuta kiti chake karibu na changu, akaanza kunifokea kuhusu oili tangu mwanzo kabisa. Nilimbishia kila alipofika kituo. Giza liliingia, mama akawasha taa ya barazani na kurudi ndani bila kutuuliza kitu, na baba alikuwa bado anaongea.